Saini Iliyotoka Nje ya Mstari

Kama nyumbani kwako kuna bahasha ya serikali ambayo hujaifungua, ifungue kwanza, ndipo uje usome. Kisa hiki kitakungoja. Bahasha haimngoji mtu.

Alhamisi ile, saa mbili asubuhi, Inspekta aliingia masijala ya mahakama akiwa na daftari dogo, kalamu mbili na barua fupi ya hakimu. Watu wa pale walimwita Mama Tarehe, hata mbele yake, kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa lile lile: lini? Walisema akikukuta unalia atakuuliza umeanza kulia lini.

Barua ya hakimu haikuwa na maneno mengi. Kijana mmoja, dereva, amepata kazi ya kuendesha basi la shule. Shule inataka barua ya trafiki kwamba hana kosa lolote. Kompyuta ya trafiki inasema anayo matano, ya miaka minne iliyopita, kwamba aliitwa mahakamani akakaa kimya, na kwamba hati ya kumkamata iko tayari, inangoja kugongwa mhuri. Kijana ameapa hajawahi kuona wito wowote kwa macho yake. Hakimu alitaka kujua jambo moja kabla ya kesho asubuhi: nani alipokea zile samansi, na lini.

Hapo pana sheria ambayo watu wengi wanaijua nusu. Kosa dogo la barabarani lina umri wake. Tangu siku lilipotendeka, serikali ina miezi kumi na miwili ya kumfikishia mhusika wito, mkononi mwake au mkononi mwa mtu mzima wa nyumbani kwake. Miezi ikiisha wito haujafika, kosa limekufa na hakuna wa kulifufua. Lakini wito ukifika ndani ya muda na mtu akasaini, saa inasimama. Kosa halifi tena, hata likae miaka kumi kwenye kabati.

Karani wa masijala alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuimba. Alishusha kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa cheusi, akakipiga kofi. Vumbi likaruka.

"Kitabu cha tarishi hicho, cha mwaka ule. Ukipiga chafya usinilaumu."

"Kimekaa hapo juu tangu lini?"

"Haya, tumeanza," karani akasema. "Tangu kilipojaa, Mama Tarehe. Ukitaka na saa, nipe mpaka mchana nikutafutie."

Inspekta alifungua akashuka kwa kidole mpaka ukurasa wa thelathini na nane. Kila mstari ulikuwa na nambari ya samansi, mtaa, tarehe ya kupokelewa, na nafasi ya saini. Samansi tano za Dereva zilifuatana. Tarehe ya zote ilikuwa 2 Machi. Saini ya zote ilikuwa moja, imerudiwa mara tano.

Akaweka barua ya hakimu kando, akalinganisha na siku za makosa. Manne yalikuwa ya mwendo mkali, yamepigwa picha na kamera ya njia panda ya sokoni: 11 Machi, 4 Aprili, 22 Aprili na 30 Mei. La tano ni kuegesha gari mahali palipokatazwa, 9 Agosti. Wito umepokelewa 2 Machi ya mwaka uliofuata. Hata lile kosa la kwanza kabisa lilikuwa limebakiza siku tisa.

"Yote matano hai," karani akasema juu ya bega lake. "Maskini, kijana wa watu."

"Hii saini unaionaje?"

Karani aliinamisha kichwa. Saini ya kwanza ilianza vizuri kwenye mstari wake, ikapanda kama mtu anayepanda ngazi, ikaishia mstari wa juu, juu ya saini ya mtu mwingine. Zile nne nazo vile vile. Kwenye ukurasa mzima hapakuwa na saini nyingine iliyotoka nje ya nafasi yake.

"Mlevi huyo."

"Mlevi angepanda na kushuka. Huyu anapanda tu." Inspekta alikuwa anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Barua ishirini na tatu, zote 2 Machi. Mitaa tisa. Tarishi wenu alikuwa na pikipiki?"

"Mzee Kiatu? Ana miguu miwili kama mimi, na mmoja unamuuma."

"Basi alimalizaje mitaa tisa kwa siku moja?"

Karani alivuta kiti akakaa. Sauti ya kuimba ilikuwa imekwisha.

"Usiniambie alikuwa anakaa mahali anawasainia watu mwenyewe."

"Sijakuambia kitu. Anastaafu lini?"

"Bado miezi saba."

"Na akikutwa na hilo?"

"Anaondoka siku hiyo hiyo. Kiinua mgongo anakiacha hapo mlangoni."

Inspekta aliomba nakala mbili za ukurasa ule, akazikunja, akatoka.

Mzee Kiatu alikuwa kwenye benchi la korido, amevua kiatu cha kushoto, anakata kipande cha boksi kwa mkasi ili akitie ndani. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Usisimame, mzee."

"Sisimami, afande. Nikisimama ndiyo nimeanza kazi."

Inspekta alikaa karibu yake, akafungua nakala juu ya magoti.

"Saini hii ni ya nani?"

Mzee aliisogeza karatasi mbali na macho. "Ya aliyepokea."

"Si mkono wako?"

Mkasi ukasimama. "Afande, miaka thelathini na moja nabeba barua za watu. Nimeng'atwa na mbwa wanne. Kuna mwanamke amenikimbiza na mchi, mpaka leo mtaa ule napita upande wa pili. Kama ningekuwa nasaini mwenyewe, hao mbwa ningekutana nao wapi?"

Inspekta aliandika kwenye daftari: mbwa wanne.

"Basi nieleze. 2 Machi ulitembea mitaa tisa?"

"Nani kasema nilitembea 2 Machi?"

"Kitabu. Tarehe ya kupokelewa, kwa mwandiko wako."

"Aa, hiyo ni siku niliyokabidhiwa mimi." Mzee alisema kama mtu anayemweleza mgeni mlango uko wapi. "Asubuhi nikipewa barua najaza tarehe zote pale pale kaunta, ili karani aone hazikulala masijala. Halafu ndiyo natembea. Leo huku, wiki ijayo kule. Mtaa wa mbali siendi kwa barua ya mtu mmoja, nitamaliza viatu. Nangoja zifike za nyumba tatu nne, ndiyo nafunga safari."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Karani wa zamani. Na yeye ndivyo alivyokuta."

"Kwa hiyo tarehe zote kwenye vitabu vyako ni za siku ulizopewa barua. Si za siku zilipofika."

"Ndiyo. Kuna ubaya?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hizi tano ulizifikisha lini, mzee?"

"Miaka mitatu hiyo, afande. Hata siku niliyooa huwa namuuliza mke wangu."

"Mvua au jua?"

"Jua." Hapo hakusita. "Kabla ya nyumba ile kuna mtaro. Niliuvuka mkavu, na viatu vyangu mguuni."

"Mwezi wa Machi mtaro ule huvukwa na viatu?"

"Machi? Machi unavua viatu na suruali unaikunja mpaka hapa." Akagusa paja. Kisha akatazama tarehe kwenye karatasi kwa mara nyingine.

"Nani alisaini?"

"Mwanamke mtu mzima. Amekaa mlangoni kwenye kigoda, mtandio ameuvuta umefunika nusu ya uso. Nikamwambia saini hapa, akawa hapaoni, nikamwekea kidole. Akasaini huku ananiangalia hivi." Mzee alipinda shingo, akatazama dari kwa jicho moja. "Kama kuku aliyesikia mwewe."

Inspekta aliandika hilo pia, neno kwa neno. Kisha akamweleza mambo yalivyo, maana alikuwa hapendi mtu akae gizani na shida ni ya kwake.

"Bila ushahidi wa siku yenyewe, hakimu atashika kitabu. Akishika kitabu, kijana anakamatwa. Na yule kijana akisema nyumbani kwao hakuna aliyesaini, watu watatazama mitaa tisa kwa siku moja, watasema saini ni zako."

Mzee Kiatu alikipima kile kipande cha boksi ndani ya kiatu. Kilikuwa kimezidi kidogo, akakipunguza.

"Basi mtafute yule mama, afande," akasema. "Mimi nitakuwa hapa hapa."

Mtaro ulikuwepo, na nyumba ilikuwepo, ya matofali, mbele ina chumba cha kinyozi. Inspekta alianzia hapo. Kinyozi alikuwa kijana wa maneno mengi, anamnyoa ndevu mtu aliyelala na taulo usoni.

"Umehamia hapa lini?"

"Ee jamani, hata salamu? Nimekosa nini, afande?"

"Hujakosa. Lini?"

Kinyozi alionyesha kwa wembe mkataba wa pango uliobandikwa pembeni ya kioo. Mwaka jana, mwezi wa pili. Kabla yake palikuwa na fundi viatu, akasema, mwanamume asiye na mke.

"Mwanamke mtu mzima wa nyumba hii ni nani?"

"Ni mmoja tu, Mama Cherehani, huko ndani. Mwanawe ndiye Dereva. Ila afande, uende polepole. Mimi kazi yangu ni nywele, lakini yule mama akinitazama na ile miwani yake, za kwangu zinasimama zenyewe."

"Nimesikia hayo," ilitoka sauti ya ndani, na cherehani haikusimama.

Mteja akacheka chini ya taulo. Kinyozi akamwambia atulie, wembe hauna utani.

Chumba cha Mama Cherehani kilikuwa safi na kidogo. Sare za shule za bluu zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda, kumi kumi. Ukutani palikuwa na kalenda, pembeni yake msumari, na kwenye msumari kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Mama mwenyewe alikuwa anatunga uzi. Uliingia mara ya kwanza.

"Samansi?" akasema, baada ya Inspekta kujitambulisha na kuketi. "Sizijui. Mimi na serikali hatuandikiani."

"Mwanao yuko wapi?"

"Amekwenda trafiki tena, kuiulizia ile barua. Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho, isipofika nafasi wanampa mwingine. Basi la shule, afande. Wameshamjaribu wiki nzima, watoto wanamwita mjomba." Alikata uzi kwa meno. "Mtu hajaiba, hajapiga mtu. Kwa nini wamfuate leo?"

"Hakuna aliyewahi kuja hapa na kitabu, ukasaini?"

"Hakuna."

Inspekta aliandika maneno yale kwenye karatasi ya maelezo, akamsomea, akampa kalamu. Mama Cherehani alisaini. Saini ilikaa juu ya mstari kama kifungo kwenye tundu lake. Ilianza na ndoano ndogo na kuishia na mkia mrefu, kama zile tano za kwenye kitabu, ila zile zilipanda ngazi na hii ilikuwa imelala sawasawa. Inspekta alipuliza wino ukauke.

"Jicho ulitibiwa lini, mama?"

"Umejuaje?"

"Miwani yako. Kioo cha kushoto kinene, cha kulia chembamba."

Mama Cherehani akacheka, kwa mara ya kwanza. "Kumbe unaona! Hili la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata. Nilikuwa nimefika pabaya, dada yangu. Uzi hautungiki. Asubuhi kabla hajaenda kazini mwanangu ananitungia sindano kumi, anazichoma kwenye mto kwa mpangilio, nyeupe huku, bluu huku. Zikiisha hizo kumi, na kazi yangu imekwisha. Ndiyo akasema hapana, mama, twende hospitali."

"Walikupasua lini?"

Akainuka, akaitoa kadi kwenye msumari, akaisoma bila shida. "Tarehe 18 Juni. Mwaka wa tatu huu."

"Nyumbani ulirudi lini?"

"Kesho yake asubuhi. Nikafungwa bandeji siku tatu tu, hawakuongeza. Kazi sifanyi, ndani joto, nikawa nakaa mlangoni na mtandio nimejifunika ili watu wasi..."

Akaitazama tena ile kadi. Huko mbele wembe wa kinyozi ulisikika unakwaruza, halafu ukasimama.

"Naomba unisaidie kitu kidogo," Inspekta akasema. "Vua miwani. Ufunike jicho la kulia kwa kiganja. Usaini tena hapa."

Mama Cherehani aliitazama ile karatasi kwa muda. Angeweza kukataa, na Inspekta alimwambia hivyo. Hakukataa. Alivua miwani, akafunika jicho, akapinda shingo kuutafuta mstari, akasaini. Saini ilianza vizuri, ikapanda, ikatoka.

Inspekta aliweka nakala ya kitabu kando yake. Hapakuwa na haja ya mtaalamu.

"Nikisema ni mimi," Mama Cherehani akauliza, kiganja bado kiko jichoni, "mwanangu anafungwa?"

"Inategemea tarehe."

"Na nisiposema?"

"Kuna mzee mmoja mwenye mguu mbovu. Itasemwa alisaini mwenyewe. Ana miezi saba astaafu."

"Yule wa kitabu?" Mama Cherehani alishusha mkono. "Aliniomba maji. Akaniambia pole na jicho, mama, litapona. Mtu wa kwanza siku ile kunipa pole."

Alivaa miwani. Akavuta droo ya cherehani mpaka mwisho, akatoa vifungo, chaki na mabaki ya lastiki, na chini kabisa akatoa bahasha zilizofungwa kwa utepe wa bluu. Zote zilikuwa bado na gundi yake ya kwanza, hazijafunguliwa.

"Nilipokea mimi, nikaficha mimi. Yeye hajui. Bandeji ilipotoka nikaona ule mhuri mwekundu. Nikasema wakimwita atakwenda, namjua, na akienda watamweka ndani. Sasa nilikuwa na mteja wangu mmoja, mtu wa ofisini, msomi. Aliniambia karatasi za trafiki zikikaa mwaka mzima hazijafunguliwa, zinakufa. Nikahesabu mwaka, kwenye kalenda. Ulipoisha nilipika wali nyumba nzima ikala, na hawakujua kwa nini."

"Alikuambia nusu. Mwaka unahesabiwa kabla hazijafika. Ukishaweka kalamu, hauhesabiwi tena. Kufungua au kutofungua hakuna maana yoyote."

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

"Ngoja," Inspekta akasema. "Kwanza tuzione."

Hapo ndipo Dereva alipoingia. Alikuwa kijana mrefu, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni, ingawa gari lenyewe hakuwa nalo tena. Alimsalimia Inspekta kwa heshima, akaona bahasha, akaona uso wa mama yake.

"Mama. Hizo ni nini?"

"Ndizo zenyewe, baba. Nilizipokea mimi."

Alikaa juu ya kitanda, pembeni ya sare. Hakupiga kelele. Alizichukua, akasoma jina lake kwenye kila bahasha.

"Miaka mitatu napita mbele ya mahakama ile kila siku," akasema. "Ungeniambia, ningeshuka dakika kumi."

"Nilikuogopea."

"Najua, mama. Ungeogopa huku unaniambia."

Inspekta alimwomba afungue, yeye mwenyewe, maana jina ni lake. Ya kwanza, 11 Machi. Ya pili, 4 Aprili. Ya tatu, 22 Aprili. Ya nne, 30 Mei.

"Gari lilikuwa lako?"

"Pikapu yangu, na niliendesha mimi. Sikatai. Nilikuwa nawahisha magodoro sokoni."

"Sasa nisikilizeni vizuri," Inspekta akasema. "Kitabu kinasema zilifika 2 Machi. Tarishi anasema aliandika tarehe kabla ya kutembea, na mtaro aliuvuka mkavu. Kadi ya kliniki inasema bandeji ilikuwepo kuanzia 19 Juni, siku tatu basi. Saini inasema aliyesaini alikuwa na jicho limefungwa. Kwa hiyo hazikufika kabla ya 19 Juni. Kosa la mwisho kati ya haya manne ni la 30 Mei ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa limeshapita mwaka. Yote manne yalikuwa yamekufa kabla hujashika kalamu, mama."

Mama Cherehani alitazama mdomo wa Inspekta kama anayesubiri useme tena.

"Na la tano?" Dereva akauliza. Alikuwa ameshaifungua. "Kuegesha mahali palipokatazwa. 9 Agosti."

"La tano lilikuwa limebaki na siku kama hamsini. Hilo liko hai. Hilo utalijibu." Inspekta alinyoosha mkono. "Liliandikwa wapi?"

"Geti la hospitali." Dereva alisoma, akakunja uso. "Hospitali gani tena? Mimi hospitali sikuwa na... Mama, lete kadi."

Kadi ilikuwa mkononi mwa mama yake. Mstari wa juu kabisa, mhuri wa siku ya kwanza alipopelekwa kupimwa macho: 9 Agosti.

"Ulinishika mkono mpaka ndani," Mama Cherehani akasema taratibu. "Ukasema gari litangoja."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Ulikuwa huoni ngazi."

Inspekta aliandika tarehe, akapigia mstari. "Hayo mtayasema kesho mbele ya hakimu kama mlivyoyasema hapa. Saa mbili na nusu. Manne yataondolewa, hilo moja atalisikiliza, na sijaona hakimu anayemaliza nusu saa kwa gari lililoegeshwa. Kosa la kutofika mahakamani linamshika mtu aliyejua kwamba ameitwa. Yeye hakujua, na wewe mama ndiye wa kusema hakujua, kwa mdomo wako, na watu wanasikia."

"Nitasimama."

"Watakuuliza kwa nini ulificha. Na maelezo yako ya kwanza, kwamba hukusaini, nayo watakuuliza. Karatasi yake sichani."

"Nitasimama, afande. Hata mara mbili."

"Na yule tarishi?" Dereva akauliza.

"Barua ya onyo. Na kuanzia kesho tarehe anajazia mlangoni kwa mtu. Kiinua mgongo chake kitamkuta."

Inspekta alikusanya bahasha azifunge tena kwa ule utepe. Akahesabu. Akahesabu mara ya pili. Kitabu cha tarishi kilikuwa na tano. Juu ya cherehani zilikuwa sita.

Ya sita ilikuwa imegandamana na ya tano kwa joto la droo. Mhuri wake ulikuwa mwekundu vile vile, lakini wa trafiki, si wa mahakama, na ilikuwa imekuja kwa posta. Haikusainiwa na mtu. Inspekta alimtazama Dereva, Dereva akaitikia kwa kichwa kwamba afungue yeye.

Ilikuwa karatasi moja. Tangazo la msamaha. Mtu yeyote mwenye kosa dogo la barabarani, la mwaka ule au wa nyuma, akifika ofisi ya trafiki na barua hiyo kabla ya 30 Septemba, makosa yake yote yanafutwa siku hiyo hiyo bila malipo. Tarehe yenyewe ilikuwa ya mwaka ule ule wa bandeji.

Inspekta aliisoma mpaka chini, kwenye tarehe. Akampa mwenye jina. Dereva aliisoma amesimama, mgongo kwa mlango.

"Na hiyo inasemaje?" Mama Cherehani akauliza. "Nayo ilikuwa na mhuri mwekundu, nikaiunganisha na wenzake."

Dereva aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati.

"Tangazo tu, mama. La zamani. Limeshapitwa na muda."

"La nini?"

"La barabarani."

Mama Cherehani alimgeukia Inspekta, aliyekuwa ameinamia daftari anaandika: bahasha za samansi, tano, hazijafunguliwa, zimetolewa na mama wa mhusika kwa hiari yake.

"Mbona umeandika tano, afande? Zilikuwa sita. Mimi nimeshachoka kuficha."

"Kitabu cha tarishi kina tano, mama. Nimetumwa kwa hizo tano."

Alifunga daftari, akatia kalamu zote mbili kwenye mfuko, akasimama. Mlangoni aligeuka.

"Kesho saa mbili na nusu. Njoo na kadi ya kliniki. Na miwani usiisahau, kuna mahali utasaini."